Kupima enzaimu kwenye tone la damu kwa peptaidi yenye alama: mstari ukikataa anzia hapa

Maswali ni yaleyale kila wiki. Mtu anatuma picha ya grafu, mstari umelala chali au umeanza juu kabisa kama umepakwa rangi, afu anauliza "enzaimu yangu imekufa?" Mara nyingi haijafa. Kilichoharibika ni jinsi damu ilivyotolewa, au tyubu, au bafa (yale maji ya chumvi yanayoshikilia pH), na kwenye sampo za mikrolita kumi au ishirini kosa dogo tu linakula nusu ya jibu, kwa hiyo nimekusanya yale yanayojirudia nikayapanga kwa dalili.

Kwa ufupi kwa waliochelewa: peptaidi ni kipande kifupi cha protini kilichofungwa alama, alama ikiwa imeshikwa haiwaki au inawaka kidogo sana, enzaimu ikikata alama inaachiwa na inawaka, rida (mashine ya kusoma mwanga) inasoma mwanga unavyopanda dakika kwa dakika. Mfano nitakaoutumia sana ni DPP-4, ile enzaimu inayozuiwa na dawa ya kisukari sitagliptini, peptaidi yake ni Gly-Pro-AMC (AMC ndo alama inayowaka), unamulika 360 hivi unasoma 460 nanomita. Kwa ACE (enzaimu inayohusika na presha) na ADAMTS13 (enzaimu inayokata von Willebrand, protini ya kugandisha damu) kuna peptaidi zenye vitu viwili, kimoja kinawaka na kingine kinameza ule mwanga mpaka peptaidi ikatwe katikati. Ile maarufu ya ADAMTS13 inaitwa FRETS-VWF73, ina asidi amino 73 zilizochukuliwa kwenye protini ya von Willebrand.

Kabla hujaniuliza chochote fungua grafu ghafi, sio ile namba moja ambayo programu imekutolea mwishoni. Afu hakikisha pleti yako (lile bamba la visima vidogo) ina visima hivi vinne: peptaidi kwenye bafa bila plazma (majimaji ya damu yasiyo na chembe), plazma bila peptaidi, plazma na peptaidi pamoja na kizuizi cha hiyo enzaimu, na AMC huru ambayo tayari inawaka. Kama huna hivyo rudi ukaviweke kwanza, maana bila hivyo tutakuwa tunapiga ramli.

Mstari umelala, hakuna kinachopanda

Sababu namba moja ni rangi ya kifuniko cha tyubu. Zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, EDTA inanyakua madini, na ACE inaishi kwa zinki wakati ADAMTS13 inahitaji zinki na kalsiamu, kwa hiyo ukiziweka kwenye zambarau umezizima mwenyewe. DPP-4 haitegemei madini kwa hiyo kwenye zambarau inafanya kazi kama kawaida, na hapa ndo watu wanajichanganya: wamezoea DPP-4 miezi sita, wanahamia ACE na tyubu zilezile, wanakuta sifuri. Usijaribu kuiokoa sampo ya EDTA kwa kumwagia kalsiamu au zinki ukatoa jibu, rudi ukachukue damu nyingine: ADAMTS13 tumia sitreti, ACE tumia seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda) au heparini (sitreti na heparini nazo zinazuia damu isigande). Kwa wanaotumia vile vityubu vyembamba vya kioo vya kutobolea kidole, vyenye mstari mwekundu vina heparini, vya bluu havina kitu, na kwenye mwanga hafifu wa wodini mtu anachukua chochote mkono unachofikia.

Kama tyubu iko sawa angalia kile kisima cha AMC huru. Hakiwaki? Basi shida iko kwenye rida na damu haina kosa. Nimeshaona mara nyingi mtu amechagua kusoma kwa chini wakati pleti yake ni nyeusi mpaka kitako, mwanga hautoki popote. Au filta zimebaki za mtu wa jana aliyekuwa anasoma rangi ya kijani. Dakika mbili tu kucheki.

AMC inawaka ila plazma hapana, na hata plazma ya kontroli unayoijua haipandi: sasa mtuhumiwa ni peptaidi. Stoki (peptaidi kali ya kuchotea kidogo kidogo) nyingi tunayeyusha kwenye DMSO, na DMSO inaganda kwenye nyuzi 18 hivi, ukiitoa friza ukachota haraka kabla haijayeyuka yote unachota sehemu isiyo na kitu, au yenye nyingi mno. Iache iyeyuke mpaka chini, ichanganye, spini kidogo ndo uchote. Kuna nyingine ya kimya kimya, ukimwaga stoki ya DMSO kwenye bafa ya baridi peptaidi inajitenga na kuzama, ukiangalia kwa makini kwenye mwanga unaona kaukungu. Pasha bafa kwanza, dondosha huku unachanganya.

Afu bafa yenyewe. Ukitumia bafa ya fosfeti na unahitaji kalsiamu, vinashikana vinakuwa unga mweupe kama chokaa na kalsiamu yako imeisha. ACE bila chumvi ya kloraidi inafanya kazi vibaya sana, usije ukatengeneza bafa "safi" bila chumvi ukidhani umeboresha. Na Tris, bafa nyingine ya kawaida, inashuka pH kwa karibu 0.03 kwa kila nyuzi joto moja inayopanda, maana yake umeipima 8.0 kwenye nyuzi 25, ukiiweka 37 ni kama 7.7. Tengeneza pH kwenye joto utakalopimia.

Ya mwisho na ya nadra zaidi kwenye kundi hili: umepunguza plazma mara mia au zaidi kwenye bafa tupu, enzaimu ikagandia kwenye kuta za plastiki. Weka albumini ya ng'ombe kidogo kama 0.1% au tone la Tween (aina ya sabuni), inaacha kugandia.

Mwanga uko juu kabla hata hujaanza

Hii ilinila siku mbili nzima. Visima vitatu vinne kwenye kila pleti vinaanza juu sana, sio vilevile kila mara, na havipandi, vimekaa tu pale juu. Nilibadilisha peptaidi, nikabadilisha bafa, nikaanza kulaumu maji. Siku ya tatu nikazima taa nikawasha kitaa cha UV juu ya pleti tupu, nikaona vinyuzi vidogo vinang'aa bluu ndani ya visima, kama vipande vya uzi wa pamba. Tishu. Nilikuwa nafuta tipu kwa tishu nyeupe ya kawaida ya dukani, na nyingi zina zile dawa za kung'arisha weupe ambazo ukizipiga UV zinawaka bluu, palepale AMC inapowaka. Koti jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga yenye "weupe wa kung'aa" nalo linawaka hivyohivyo, liangalie chini ya UV utashangaa. (Ukitumia hicho kitaa vaa miwani ya kuzuia UV, usikichungulie, na usiache mkono wazi chini yake.)

Kwa hiyo cheki rahisi: soma pleti tupu kabla hujaweka kitu. Kisima kilichochafuka kinajitaja chenyewe.

Kama vyote viko juu kwa usawa, linganisha na kile cha peptaidi bila plazma. Nacho kiko juu? Peptaidi imeshavunjika ndani ya chupa, una AMC huru imejaa, imegandishwa na kuyeyushwa mara nyingi au imeachwa mezani kwenye mwanga. Igawe kwenye vityubu vidogo vya matumizi ya siku moja, funga na foili. Na kama kile cha peptaidi bila plazma sio tu kiko juu bali kinaendelea kupanda, basi kuna mtu alirudisha tipu yenye plazma kwenye stoki, au bafa imeota bakteria. Stoki hiyo mwaga, haina dawa.

Ila kama peptaidi peke yake iko chini na plazma bila peptaidi ndo iko juu, chanzo ni damu yenyewe. Chembe nyekundu zikipasuka zinaachia NADH, molekuli ya kawaida ya ndani ya chembe, ambayo inawaka kwenye mawimbi hayahaya. Na dawa pia: kwinini inawaka bluu vizuri sana kwenye UV, hasa bafa ikiwa na asidi, kwa hiyo mgonjwa wa malaria aliye kwenye dripu ya kwinini anaweza kukuletea plazma inayong'aa. Habari njema ni kwamba mwanga wa namna hii haupandi, umesimama, kwa hiyo ukipima kasi ya mstari badala ya urefu wake unaukwepa. Anayesoma mara moja tu mwishoni baada ya nusu saa ndo anaumia hapa.

Visima viwili vya sampo moja havikubaliani

Hapa ndo nyumbani kwa matatizo ya damu kidogo, tukae hapa.

Anza na mkono wako na pipeti. Plazma ni nzito kuliko maji, ukichota mikrolita 2 ukazitema kwenye kisima kikavu nyingine inabaki ndani ya tipu na nyingine inapanda nje ya tipu kama asali kwenye kijiko. Usipime 2 kamwe kama unaweza kukwepa. Punguza plazma mara kumi kwenye bafa kwanza, afu weka 20, na kabla ya kuweka lowanisha tipu kwa kuchota na kurudisha mara mbili tatu. Pipeti yenyewe icheki kwa mizani: chota maji mikrolita 10, tema kwenye kikombe kwenye mizani, inatakiwa isome karibu miligramu 10, rudia mara kumi. Ukiona 8, 11, 9, 12 tatizo umelipata na halikuhusiana na enzaimu. Usiifungue pipeti kuipaka grisi ya kubahatisha, mpe fundi wa kukalibreti, kiringi cha ndani kikikaa vibaya itakudanganya miezi.

Mizani iko poa? Twende kwenye kidole. Mtu akitobolewa na damu ikagoma kutoka, mtoaji anakamua. Akikamua sana inatoka damu iliyochanganyika na majimaji ya nyama, chembe zinapasuka, na vitu vya kuanzisha kuganda vinaingia, unapata vidonge vidogo vya damu iliyoganda ambavyo huvioni kwa macho lakini tipu yako inaviona. Spiriti ikiwa haijakauka kwenye kidole nayo inapasua chembe. Utaratibu wetu: mkono upashwe kwa maji ya vuguvugu, spiriti ikauke kabisa, toboa pembeni ya ncha ya kidole sio katikati, tone la kwanza futa, mengine yaache yatiririke yenyewe, mkono uning'inie chini. Ikigoma toboa kidole kingine, usikamue kama unakamua nazi.

Hesabu ya plazma pia watu wanajidanganya. Kityubu cha mikrolita 75, chembe zikiwa 45%, plazma yote iliyomo ni kama 41, na ukitaka kuchota bila kugusa chembe utapata 30 hivi. Mtoto mchanga ambaye damu yake ni nzito unapata pungufu zaidi. Ukilazimisha utafyonza chembe za juu, na sampo ya pili kutoka kityubu hichohicho itakuwa tofauti na ya kwanza. Panga kipimo chako kulingana na 30 usipange kulingana na 75.

Sitreti nayo ni mtego. Uwiano ni sehemu 1 ya sitreti kwa 9 za damu. Umeweka 5 kwenye kityubu ukitegemea damu 45: plazma yako imechanganywa na sitreti kama 17%. Damu ikagoma ukapata 25 tu: sasa sitreti ni 27% ya ile plazma. Hapo tayari mgonjwa mmoja ameonekana ana enzaimu pungufu kuliko mwenzake na hakuna aliyeumwa kitu. Damu isiyofika kwenye alama, tupa na uchukue nyingine.

Kama yote hayo ni safi na bado visima vya pembeni ya pleti vinasoma juu kuliko vya katikati, ni maji yanakauka. Kisima cha mikrolita 20 kwenye nyuzi 37 bila kufunikwa kinapungua unakiona, kilichobaki kinakuwa kikali zaidi. Funika kwa filamu ya uwazi, visima vya mzunguko wa nje vijaze bafa tupu usivitumie, na feni ya dari zima. Naijua Dar bila feni ilivyo, zima tu.

Mstari unaanza vizuri afu unajikunja, au unachelewa kuanza

Kuchelewa dakika chache mwanzoni karibu kila mara ni pleti ya baridi. Umeitoa friji, umeiweka kwenye rida ya 37, inachukua muda kupata joto na enzaimu zinaenda takribani mara mbili kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kwa hiyo mstari unajikokota afu unachangamka. Pasha pleti na bafa pamoja dakika kumi, ndo uweke peptaidi.

Kujikunja mapema ni peptaidi kuisha. Sampo ina enzaimu nyingi, imekula chakula chote. Linganisha mwanga wa mwisho na ule ambao ungepata peptaidi yote ikikatwa (unaujua kutoka kwenye stendadi ya AMC, yaani visima vya AMC huru ya kiasi unachokijua), kisha tumia tu ile sehemu ya mwanzo ambapo chini ya 10% imekatwa. Ikijikunja hata kabla ya hapo punguza plazma.

Ila kama mstari haujikunji taratibu, umekatika ghafla ukawa bapa kabisa kwa namba ileile kwenye visima vyote, rida imefika kikomo. Punguza geini, yaani jinsi rida inavyokuza mwanga. Na ikiwa unashuka chini baada ya kupanda, mwanga wa taa unaichosha alama kwa kuisoma kila sekunde tano. Soma kila dakika moja, inatosha.

Plazma ni ya pinki, ya njano au ya maziwa, na namba ziko chini

Rangi zinameza mwanga. Himoglobini inameza sana karibu na 415 nanomita, na bilirubini karibu na 450 mpaka 460, yaani palepale AMC inapotoa mwanga wake, kwa hiyo enzaimu inafanya kazi vizuri kabisa ila mwanga haufiki kwenye jicho la rida. Mafuta nayo yanatawanya mwanga, namba zinarukaruka.

Cheki rahisi sana: chukua hiyo plazma, ongeza kiasi unachokijua cha AMC huru, fanya hivyohivyo kwenye bafa. Ikiwa kwenye bafa inasoma 1000 na kwenye plazma 700 unajua kwamba 30% inamezwa. Suluhisho la kwanza ni kupunguza plazma zaidi kwa bafa, la pili ni kutengeneza stendadi ya AMC ndani ya plazma ya aina hiyo badala ya bafa tupu.

Kwenye uchukuaji, pinki mara nyingi ni kosa letu: kukamua, sindano nyembamba, kuspini kwa nguvu, kutikisa tyubu kama soda. Lakini usimlaumu mtoaji damu kila mara. Mgonjwa wa selimundu anaweza kuwa na plazma ya pinki na ya njano kwa wakati mmoja kwa sababu chembe zinapasuka ndani ya mwili wake, na ukichukua sampo tena itatoka vilevile. Ukipata pinki mara mbili kwa watoaji wawili tofauti, iandike kwenye majibu na umwambie daktari, hiyo nayo ni taarifa.

Umeweka kizuizi lakini mstari bado unapanda

Hii ndo inayotenganisha anayepima na anayedhani anapima. Peptaidi fupi haina uaminifu. Gly-Pro-AMC inapendwa sana na DPP-4 ila damu ina visu vingi, ukiweka sitagliptini ya kutosha na bado 20% ya kasi imebaki, hiyo 20% ni ya wengine na unatakiwa uitoe kwenye jibu. Kwanza hakikisha kizuizi chenyewe ni kizima. Kaptopril ya kuzuia ACE kwa mfano inaharibika kwa hewa ikiwa imeyeyushwa, itengeneze siku hiyohiyo.

Peptaidi zinazoishia na Arg (asidi amino arginini) kabla ya alama ndo balaa, kwa sababu enzaimu nyingi za kugandisha damu zinakata hapo. Ukitumia seramu, damu imeshaganda, trombini, enzaimu kuu ya kugandisha, ilishazaliwa humo. Ukitumia plazma lakini ukaiweka kwenye kioo, kioo chenyewe kinaamsha mfumo wa kuganda. Na hili linawashangaza wengi: kuiweka plazma ya sitreti kwenye barafu muda mrefu "ili itunzike" kunaweza kuiamsha pia. Kwa vipimo vya namna hiyo tumia plastiki, iache kwenye joto la chumba, pima mapema au igandishe haraka friza ya chini kabisa.

Kuna moja ya ndani zaidi. Damu ina protini kubwa inaitwa alfa-2-makroglobulini, inaikamata enzaimu kama mgono wa samaki: protini kubwa haziwezi kuifikia tena, ila peptaidi ndogo inapenya matundu na inakatwa. Wanaopima trombini kwa Z-Gly-Gly-Arg-AMC wanalijua hili, mstari unaendelea kupanda taratibu hata trombini yenye uwezo wa kugandisha imeisha, na lazima wautoe kwenye hesabu. Kwa hiyo kinachowaka kwenye rida sio lazima kiwe kinafanya kazi kwenye mishipa ya mtu.

Jana 100, leo 70, sampo ileile

Joto kwanza. Weka kipimajoto ndani ya rida usiiamini skrini yake. Kisha uliza imegandishwa na kuyeyushwa mara ngapi, kisha stendadi mpya au ya zamani. Umeme ukiwa unapanda na kushuka taa ya rida nayo inayumba, UPS sio anasa. Ndo maana plazma moja ya kontroli iliyogawanywa kwenye vityubu vingi inatakiwa iingie kwenye kila pleti, yenyewe ikishuka 30% na sampo zikashuka 30% unajua mwizi ni nani.

Taa ikiwa imechoka au rida inatoa ujumbe wa hitilafu baada ya kuizima na kuiwasha mara moja, simama hapo. Usifungue kifuniko cha nyuma, sehemu ya taa inaweza kubaki na volti kubwa hata ikiwa imechomolewa. Ita fundi. Sentrifyuji ikitikisika au kunuka pia, zima, isogelee ikishasimama, usiishike kwa mkono ili isimame, nimeshamwona mtu akijaribu. Ikivunjika tyubu ndani subiri nusu saa kabla ya kufungua. Na ukijichoma sindano au lanseti iliyotumika, acha pleti iharibike, osha kwa maji na sabuni, ripoti palepale, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72 na kila saa unayochelewa inakupunguzia.

Kipimo kiko safi lakini hakimfanani mgonjwa

Kontroli nzuri, stendadi nzuri, visima vinakubaliana, na jibu halieleweki. Uliza dawa. Mtu anayetumia dawa za presha enalapril au lisinopril ana ACE iliyolala na hiyo ndo kazi ya dawa, usiandike kwamba ana upungufu. Kinyume chake pia kipo: anatumia sitagliptini kila asubuhi na DPP-4 yako inasoma karibu kawaida. Hapo umepunguza plazma sana, na dawa nayo ikapungua pamoja, ikaachia enzaimu kwenye kisima. Ukitaka kuona dawa inavyomfanyia kazi mtu, tumia plazma isiyopunguzwa sana na usome dakika za mwanzo.

ADAMTS13 ndo pekee kwenye orodha hii ambayo sikubali mtu aicheze peke yake. Chini ya 10% kwa mgonjwa mwenye chembe sahani zilizoshuka na chembe nyekundu zilizovunjikavunjika ni TTP (ugonjwa wa hatari wa vidonge vidogo vya damu kuziba mishipa midogo) mpaka ithibitishwe vingine, na bila kubadilishiwa plazma wengi wanakufa, ilikuwa kama 90% kabla matibabu hayo hayajaanza. Kwa hiyo ukiona 4% usianze kurudia pleti mara tatu kutafuta usahihi, hakikisha tu tyubu ilikuwa ya sitreti na bilirubini haijameza mwanga wako, piga simu kwa daktari, afu ndo urudie. Na daktari hasubiri rida yako kuanza matibabu akiwa na mashaka. Unachotakiwa kumkumbusha ni kwamba damu ya kipimo itolewe kabla ya kuongezewa plazma, maana plazma ya mchangiaji ina ADAMTS13 yake, ukipima baada ya hapo utakuwa unapima enzaimu ya mchangiaji.